Kumwaga vifaranga mtoni ili wageni wapate samaki: kabla hamjachanga, someni hapa

MshipiMmoja

Wakuu, salaam.

Kuna wazo linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wenye kambi na nyumba za wageni kandokando ya Nile hapa Uganda, kuanzia Jinja kushuka hadi Kayunga. Wanasema samaki wa kuvua kwa fimbo wamekuwa haba, mgeni anarusha ndoano tangu asubuhi na jioni anaondoka na picha za ndege tu. Kwa hiyo watu wachange, wanunuliwe vifaranga, wamwagwe mtoni, na mwakani kila mgeni atapata samaki wa kupiga naye picha. Nimeombwa mchango nikakataa. Sababu naziweka hapa kwa kuwa kule WhatsApp ukizidisha mistari mitatu unaambiwa unahutubia.

Swali la kwanza: vifaranga gani? Zungukeni kwa wazalishaji kuanzia Kajjansi hadi Mukono, mtauziwa ngege (ndugu zetu wa Tanzania wanamwita sato) na kambare. Hao ndio wanaozalishwa kwa wingi kwa sababu wateja ni wafugaji wa mabwawa na vizimba. Mto haumo kwenye hesabu za mzalishaji.

Kambare sasa. Kwa miaka mingi mteja mmoja mzuri wa kifaranga wa kambare hapa nchini amekuwa mvuvi wa sangara wa Ziwa Victoria. Anamtunga kwenye mshipi mrefu wenye ndoano nyingi, awe chambo. Nyinyi mnataka kununua chambo kilekile, mkimwage kwenye mto wenye sangara, bila ndoano. Sangara watawashukuru sana.

Ngege nao: wengi wanaouzwa ni madume watupu. Kifaranga akianza tu kula, anapewa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume, methyltestosterone, kwa wiki tatu au nne, na waliokuwa wawe majike wanageuka madume. Kwa mfugaji hiyo ni akili, maana ngege wakiachwa wazaane bwawa linajaa vijisamaki visivyokua. Lakini mtoni umepeleka kundi lisiloweza kujiendeleza lenyewe. Wataliwa, watavuliwa, mwakani mnachanga tena. Nanyi mkisema mtanunua wale wasiogeuzwa, watachanganya damu na jamaa zao wa asili. Hili si tishio la kubuni. Ngege wa Nile alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, ngege wa kienyeji, *Oreochromis esculentus* na *Oreochromis variabilis*, walisukumwa mpaka leo esculentus tunamtafuta kwenye viziwa vidogo vya pembeni.

Halafu kuna jambo la malezi. Kifaranga wa kituoni, yaani kituo cha kuzalisha vifaranga, amekulia kwenye tangi, hajawahi kukimbizwa na adui, hajui mkondo, chakula kinamwagwa juu na mtu. Akiona kivuli cha binadamu anapanda juu badala ya kujificha. Ndiyo maana wiki za mwanzo baada ya kumwaga samaki wakubwa kiasi, wavuvi wanafurahi: samaki wanakuja wenyewe. Baadaye kimya. Wamarekani wamelipima jambo hili kwenye mto Hood, jimbo la Oregon, kwa trauti wale wanaoshuka baharini na kurudi mtoni kutaga. Hitoshi Araki na wenzake walitoa matokeo mwaka 2007: uwezo wa samaki kuacha watoto mtoni ulishuka kwa takriban asilimia 40 kwa kila kizazi kilicholelewa kituoni. Wanaofaulu kwenye tangi, wenye kula upesi na wasioogopa, ndio wanaofeli mtoni, na tabia hiyo wanairithisha.

Pesa zenu ni zenu. Ila mkitaka mto wenye samaki, mnanunua kitu kisicho chake.

---

MamaKambi

MshipiMmoja kaka yangu, shikamoo kama umenizidi umri. Umeandika vizuri ila wewe hulipi mishahara ya watu wa jikoni. Mgeni wangu wa kuvua samaki analala siku tatu, anakodi mtumbwi, anakodi kijana wa kumwongoza. Asipopata samaki harudi, na anawaambia wenzake.

Halafu nikuulize. Hao sangara wa huku kwetu juu si wa kupandikizwa? Tumesoma tangu shule kwamba zamani sangara hakuwepo Jinja wala Ziwa Kyoga. Mbona wamekubali, tena wamejaa mpaka wanapelekwa viwandani? Ulaya nako nasikia mito yote inawekewa samaki kila mwaka na watu wanalipa kuvua. Kwa nini sisi ndio tukatazwe?

---

MshipiMmoja

MamaKambi, marahaba, ingawa huenda wewe ndiye mkubwa. Hilo la sangara nililingoja.

Ni kweli. Sangara ni wa chini ya Maporomoko ya Murchison na Ziwa Albert. Pale mto mzima unajibana kwenye mwanya wa takriban mita 7 na kuanguka, samaki hapandi. Wakoloni ndio waliomvusha akaingizwa Kyoga katikati ya miaka ya 1950, na Ziwa Victoria miaka hiyohiyo hadi mwanzoni mwa 1960. Hakutoka kwenye tangi lolote, alikuwa samaki wa porini aliyehamishiwa mahali palipojaa chakula ambacho hakijawahi kumwona. Chakula hicho ni furu, nkejje kwa wenyeji wa hapa. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, mtaalamu wa samaki, aliandika kupinga mpango huo, na tayari sangara walikuwa wameshaanza kuonekana ziwani. Ilipofika miaka ya 1980 furu wakaporomoka, na watafiti wanakadiria aina zipatazo 200 zilitoweka au zilikaribia kutoweka. Baadhi ya waliosalimika ni wale waliojificha kwenye mafunjo, kwa kuwa maji ya mafunjoni yana hewa kidogo na sangara hayawezi. Nendeni mkaone viziwa vilivyozungushiwa mafunjo karibu na Nabugabo.

Sasa angalia hayo matokeo mawili. Ukipandikiza samaki wa tangi, mara nyingi anakufa na pesa yako inakwenda naye. Ukipandikiza samaki anayekubali mahali, mto na ziwa ndivyo vinavyolipa, na humrudishi. Mimi mwenyewe napenda kupigana na sangara, sijifanyi mtakatifu. Ila sitaki kubahatisha mara ya pili.

Kuhusu wazungu, wao wenyewe hawakubaliani. Montana, Marekani, jimbo ambalo watu wanasafiri dunia nzima kwenda kuvua trauti, liliacha kumwaga samaki wa vituo kwenye mito yenye trauti wanaojizalia. Ilikuwa 1974. Mtaalamu wao, Dick Vincent, alichunguza mto Madison na kijito cha O'Dell. Sehemu ya Madison waliyoacha kuweka samaki wa kituo, trauti wa porini wakaongezeka sana. Kule O'Dell, ambako hakukuwa kunawekwa kitu, wakaanza kuweka, na wa porini wakapungua. Samaki wa kituo waliletwa wakubwa, wengi, kwa mpigo, wakavuruga nani anakaa jiwe lipi na nani anakula wapi. Wavuvi na wenye maduka walipiga kelele kama wewe. Leo hakuna anayetaka malori ya samaki wa kituo yarudi.

---

PakwachKwetu

Mimi niko chini ya maporomoko, huku Albert Nile. Ombi langu ni fupi: msituletee kitu. Huku sangara ni mwenyeji, ngasa yule mwenye meno nje ni mwenyeji, na bado sangara wa zaidi ya kilo 100 wamevuliwa kwa fimbo ndani ya hifadhi ya Murchison. Mgeni analipia kibali cha kuvua kwa Mamlaka ya Wanyamapori, anamshika, anapiga picha, anamwachia. Samaki yuleyule anaweza kumlisha mwongozaji mwaka mzima. Hakuna kifaranga aliyenunuliwa hapo.

Na wale wakubwa kabisa ni majike. Jike mkubwa wa sangara anataga mayai mamilioni. Kituo gani kitashindana naye?

---

FundiVifaranga

Nimefanya kazi kwenye kituo cha kuzalisha vifaranga, nitawaambia yanayofanyika ndani ili mjadala usiwe wa hewani.

Kambare hatagi bwawani apendavyo. Jioni unamdunga jike dondoo ya tezi ya kichwani, pituitari, asubuhi unamkamua mayai kwenye beseni. Dume shahawa zake hazikamuliki, kwa hiyo anachinjwa na kupasuliwa. Unachanganya, unaongeza maji, unatandaza mayai. Dume mmoja mzuri anatosha majike kadhaa, basi vifaranga maelfu unaowaona kwenye mifuko ya oksijeni baba yao ni mmoja. Kwa anayefuga kwa ajili ya sufuria hakuna shida. Ukimwaga familia moja mtoni kila mwaka, unapunguza mchanganyiko wa damu. Hapo namuunga mkono mwenye uzi.

Ila msivitupe vituo vyote. Ningu na kisinja ni samaki wa mito yetu wenyewe, na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kajjansi wameshafaulu kuwazalisha. Ningu alikuwa samaki wa maana sana kwenye mito inayoingia Ziwa Victoria, kama mto Kagera na mto Sio. Mvua ikinyesha alipanda mto kwa makundi kwenda kutaga. Watu wakatega nyavu mlangoni mwa mto, wakamkamata akiwa na mayai tumboni. Aliporomoka kabla hata sangara hajaingia. Kwa samaki kama huyo, kituo kinaweza kusaidia kumrudisha mto aliotoweka, mradi wazazi wachukuliwe mto huohuo, wawe wengi, na vifaranga waachiwe wadogo kabla hawajazoea tangi.

---

AfandeMstaafu

FundiVifaranga umeongea ya maana, lakini umejibu nusu. Ningu alimalizwa na nyavu mlangoni mwa mto. Nyavu zimeondoka? Mimi nakaa karibu na mwalo mmoja. Kokoro, zile nyavu za kukokota, zinavutwa usiku, nyavu za macho madogo zinatandazwa mdomo wa mto kuanzia ukingo mpaka ukingo. Sheria inasema sangara asivuliwe chini ya sentimita 50 na ngege chini ya sentimita 28, nenda sokoni na futi kamba ujionee. Jeshi liliingia maziwani 2017 na mengi yamesemwa, mazuri na mabaya, lakini mito haikupata ulinzi wa namna hiyo.

Kwa hiyo hao ningu wako watapanda, watakutana na nyavu zilezile. Mtakuwa mmewafugia watu wa nyavu.

---

MshipiMmoja

Afande, umeniwahi.

Naongeza bwawa la umeme, maana watu wa kambi hawapendi kuligusa. Mwaka 1862 Speke, yule mpelelezi Mwingereza, aliposimama kwenye Maporomoko ya Ripon aliandika kuhusu maelfu ya samaki wakiruka kupanda maji. Kisinja ndiye hasa anayejulikana kwa kuyapenda maji hayo ya kasi. Bwawa la Owen Falls likakamilika 1954, Ripon ikazama. Bujagali ikafuata 2012, Isimba 2019. Kila bwawa linageuza kipande cha mto kuwa ziwa lililotulia, na samaki wa mkondo hakai kwenye maji yaliyotulia. Mahali penye povu palipobaki upande huu, kama Kalagala na Itanda, ndipo palipobaki samaki wa mkondo. Unaweza kumwaga kisinja lori zima juu ya Isimba. Sehemu ya kutagia ikiwa chini ya mita kadhaa za matope, umefanya nini?

Mto unajaza samaki wake wenyewe ukiwa na mahali pa kutagia na wazazi wa kutaga. Kikikosekana kimojawapo, kifaranga anaziba pengo kwa msimu mmoja na kutufanya tusahau pengo lipo. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko hata hiyo damu. Mwenye kambi aliyemwaga vifaranga haendi tena kumsumbua afisa uvuvi kuhusu kokoro. Ameshafanya sehemu yake.

---

BinSipi

Mnaongea Nile tu, kuna watu tuko mlimani. Mito ya Elgon, Sipi ikiwemo, iliwekewa trauti enzi za ukoloni kutoka Kenya, na kule Kenya aliingia tangu 1905. Wageni wanapanda hapa kuvua trauti kwa fimbo ile ya chambo cha manyoya. Hapo zamani huku juu hakukuwa na samaki mkubwa, ni vijisamaki tu. Kwa maneno yenu, na hii tufunge?

---

MshipiMmoja

BinSipi hapana, na swali lako ni zuri kuliko la Nile. Trauti anataka maji baridi. Yakifika nyuzi 25 hivi anakufa. Kwa hiyo joto la chini linamzuia kuteremka na kuenea. Yuko kwenye vipande vifupi vya mto mlimani, na hana ngege wala kisinja wa kuwaharibia. Vijisamaki vya asili na wadudu wa majini vimeumia, tusidanganyane, lakini hiyo hasara ilishatokea. Hapo mtu akitaka kuongeza vifaranga ili mgeni avue na kula, mimi sigombi naye.

Lakini hata huko, angalia kwa nini trauti wanapungua. Anataga kwenye changarawe safi. Watu wamelima mpaka miteremko mikali, mvua ikinyesha udongo wote unashuka mtoni na kufunika mayai. Ukiweka vifaranga bila kugusa shamba la ukingoni, utaweka kila mwaka mpaka uchoke.

Kuweni waangalifu na magonjwa pia. Kuna kimelea kinaitwa *Myxobolus cerebralis*, kinashambulia gegedu la trauti mchanga mpaka anaogelea kwa kuzunguka kama anafukuza mkia wake. Kilitoka Ulaya, kikaonekana Marekani miaka ya 1950, na usafirishaji wa samaki wa vituo ukakisambaza. Mwaka 1994 kilionekana kwenye mto Madison huohuo niliousifu, na trauti wachanga wa aina ya upinde wa mvua (rainbow) wakateketea. Mto ulikuwa umeacha kumwagiwa samaki kwa miaka 20 na bado ulilipa deni la vituo vya wengine. Anayeleta trauti kutoka ng'ambo aulize cheti cha afya kabla ya kuuliza bei.

---

Kiwanuka_Jr

Samahani wakubwa, mimi ni mgeni wa mambo haya. Mtu akivua samaki atajuaje kama huyu ni wa kituo au wa mto?

---

FundiVifaranga

Kwa salmoni na trauti ni rahisi. Wana pezi dogo la nyama mgongoni karibu na mkia. Kituo kinalikata kabla ya kuwaachia, halioti tena. Kuna mito Marekani mvuvi anaruhusiwa kuondoka na aliyekatwa pezi tu, mzima wa mwili anarudishwa majini.

Kwetu ni kazi. Ngege hana pezi hilo, sangara hana, kambare wa kufugwa hana. Ngasa analo lakini hakuna anayemfuga. Utaangalia mapezi yaliyosagika kwa kusuguana na ukuta wa tangi, mkia uliochakaa, unene wa tumbo. Akikaa mtoni miezi kadhaa dalili zinapotea. Ndiyo maana hapa watu wanamwaga vifaranga, wanapigwa picha na kiongozi akiinamisha ndoo, na hakuna anayeweza kuja baadaye kusema wamefika wangapi.

---

AfandeMstaafu

Hiyo ya ndoo na picha umeniua mbavu. Na kiongozi amevaa gamubuti mpya.

---

MamaKambi

Sawa, nimesoma mpaka mwisho, hata hiyo ya gamubuti. Hamjanipa jibu la mgeni wangu wa kesho lakini mmenipa la kuwaambia wenzangu kwenye kikao.

Nina wazo jingine. Nyuma ya kambi kuna ardhi ya juu, mbali kidogo na mto. Nikichimba bwawa, nikaweka ngege madume wale wa homoni, familia zenye watoto zivue pale na kuchomewa palepale, inakubalika? Na ile pesa ya mchango, mwenyekiti anasema tungewalipa vijana wawili wa kijijini wawe wanapita ukingoni usiku na kupiga simu wakiona kokoro. Wale wa kuvua sangara kwa fimbo nitawaambia ukweli: mto huu una samaki, ila wanataka subira, na mkubwa anaachiwa.

---

MshipiMmoja

Mama, hapo ndipo pa kuwatumia ngege wa homoni. Bwawani wanakua haraka na hawajazi bwawa. Mambo matatu tu. Usichimbe mahali mafuriko yanafika, maana Nile ikipanda samaki wako wote watakwenda. Bomba la kutolea maji liwekwe wavu wa macho madogo, na maji yapite kwanza shambani kwako badala ya kumwagwa moja kwa moja mtoni. Na usiweke kambare wakubwa humo humo, watawamaliza ngege wadogo kabla watoto hawajafungua ndoano.

Hao vijana wawili wapitie kwanza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na afisa uvuvi wa wilaya wapate barua, wasije wakapigwa na wenye kokoro na kuitwa wezi. Afande anaweza kuwaelekeza namna ya kuandika taarifa.

---

AfandeMstaafu

Niko tayari. Mama, nitumie ujumbe faraghani, siku ya kikao nitapanda boda nije. Vijana wasiende na panga, waende na simu na tochi.

---

Kiwanuka_Jr

Na likichimbwa hilo bwawa mtutangazie bei ya kilo. Watoto wangu hawajawahi kumshika samaki aliye hai.